Injini Mbili kwa Shangazi, Vinu Viwili kwa Jirani

Same,
3 Februari, 1974

Shangazi Asnath,

Shikamoo. Mimi sijambo, na wenzangu wa bwenini hawajambo, isipokuwa Ernesta wa huko kwetu Mhezi, ambaye anaumwa jino na hataki kwenda kung'olewa. Joto la Same mwaka huu limezidi. Ukianika nguo, inakauka kabla hujaiacha kamba. Natamani ukungu wa kwetu, hata ule unaoingia mpaka jikoni ukalowesha kuni. Chakula ni makande Jumatatu, makande Jumanne, na Jumatano wanayaita kwa jina lingine lakini ni yale yale. Baba na Mama wameniandikia kutoka Ngujini, walikohamishiwa na kazi ya ualimu. Baba anasema darasa lake la saba linampa matumaini, na Mama amepata mbegu nzuri ya viazi. Je, zamu yako ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, bado ni Alhamisi? Nakumbuka nilivyokuwa nakushikia jembe tukizibua mfereji, na maji yalivyokuja yakikimbia kama watoto waliotoka shule.

Shangazi, Baba ameandika jambo jingine pia. Anasema umeuza ng'ombe wako wote wawili, wale ulioachiwa na marehemu mume wako, ukaagiza mashine ya kusaga. Tafadhali usikasirike. Katika maktaba yetu kuna kitabu kinene cha elimu ya uchumi ambacho hakuna mtu mwingine anayekiazima, hata kadi yake imejaa jina langu tupu. Kinasema kwamba mtu anayewekeza mali yake yote mahali pamoja wakati bei hazitabiriki anafanana na mtu aliyepanda mbegu zake zote siku ya mvua ya kwanza. (Hayo ya mvua nimeyaongeza mimi ili ieleweke.) Na sasa bei hazitabiriki kabisa. Vita vya nchi za mafuta vimepandisha dizeli, mahindi ya tambarare yamenyauka, na mwalimu wetu wa siasa anasema huenda tukala unga wa njano kutoka ng'ambo. Bila dizeli mashine itangurumaje? Bila mahindi itasaga nini?

Ninauliza tu. Mimi ni mtoto na wewe ni shangazi yangu.

Mwanao mtiifu,
Yudith


Mhezi,
27 Februari, 1974

Yudith mwanangu,

Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Huku ni wazima. Kahawa imechanua. Paka amezalia ndani ya kikapu changu cha kushonea, kwa hiyo siku hizi nashona nikiwa nimekumbatia watoto wa watu. Yule kuku mwekundu unayempenda nilimchinja Krismasi, nikasahau kukuambia. Alikuwa mtamu. Mwambie Ernesta mama yake anasema jino ling'olewe, asitafute visingizio. Maji ya ndiva bado nachota Alhamisi, na jembe nashika peke yangu.

Umeniuliza mashine itangurumaje. Mwanangu, kaa chini kwanza.

Unatujua wanawake wa hapa. Tunasaga kwa jiwe, au tunateremka na debe kichwani mpaka tambarare na kupanda nalo tena, na ukifika nyumbani unga wenyewe huutaki. Nikasema, ng'ombe hawa wananilisha mimi na paka, mashine italisha mlima mzima. Kumbe wakati mimi nafikiri hivyo, mwenzangu naye anafikiri hivyo hivyo. Fanueli! Yule mgane wa ng'ambo ya kijito, aliyekuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya mkonge, anayeimba besi katika kwaya yetu kama ngoma iliyolowa. Ameagiza mashine kama yangu, kutoka duka lile lile la Moshi, na zote mbili zikapakiwa lori moja.

Lori likakwama mwisho wa barabara. Mwenyekiti wetu, Melkizedeki, akasema mashine ni ya manufaa ya wote, akapiga pembe ya msaragambo, na kijiji kizima kikateremka kubeba. Mizigo ilikuwa minne, imefungwa kwenye magunia: injini mbili, ndizo zinazonguruma, na vinu viwili vya chuma, ndivyo vinavyosaga. Kila nyumba ilipaswa kupata injini moja na kinu kimoja. Lakini wewe unawajua wanaume wa upande wetu wa juu. Wakaitazama mizigo, wakaona miwili mizito na miwili myepesi. "Myepesi wabebe watu wa ng'ambo," wakasema. "Sisi tubebe ya kiume." Wakazipandisha injini zote mbili mpaka uani kwangu, wanaimba, jasho linawatoka mpaka kwenye masikio. Wa ng'ambo nao wakavibeba vinu vyote viwili mpaka kwa Fanueli, wanacheka kwamba wameikimbia mizito. Makande yakaliwa huku na huku, dengelua ya miwa ikanyweka, kila mtu akaenda kwake.

Asubuhi nikafungua magunia. Injini, na injini.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Akasema, "Asnath, pembe haipigwi mara mbili kwa mzigo mmoja. Watu wamekwisha kula." Nikasema basi nitalipa vibarua. Akashtuka kama nimemtukana mama yake. "Vibarua? Katika kijiji cha ujamaa? Huo ni unyonyaji, na nitakuandika!"

Iliyobaki ni mmoja wetu aende kwa mwenzake aombe, ndugu wa huku na ndugu wa kule wasaidiane kubeba. Na aje yeye. Mimi ndiye niliyeagiza kwanza.

Injini nimezifunika kwa mkeka. Kuku wamepata mahali pa kutagia.

Shangazi yako,
Asnath


Same,
17 Machi, 1974

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ernesta bado ana jino lake. Sisi wengine tumepewa dawa ya minyoo, na nimechaguliwa kuwa msaidizi wa maktaba, kwa sababu sikupiga kelele wakati wa kuchagua. Habari za yule kuku nimezipokea.

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu nimeona tangazo kwenye ubao wa ofisi ya biashara ya wilaya. Nimelinakili: kwa sababu ya upungufu wa dizeli, kila kijiji kitapewa leseni ya mashine moja tu ya kusaga, pamoja na mgao wake wa dizeli. Mashine itakaguliwa ikiwa inafanya kazi. Kijiji ambacho hakitakuwa na mashine inayofanya kazi mwisho wa Juni, mgao wake utapelekwa kwingine.

Shangazi, hiyo ina maana kwamba usiposaga kabla ya Julai, hutasaga kabisa, na ng'ombe wamekwenda. Nilitaka kuingia ofisini niulize zaidi. Nilifika mpaka mlangoni, nikasikia mtu anakohoa ndani, nikarudi.

Lakini nimesoma sura ya nane tena. Inasema wafanyabiashara wawili walio karibu, kila mmoja akiwa na kile ambacho mwenzake anakosa, wana njia mbili tu: kushindana mpaka wafilisike wote, au kuungana. Mimi kwa maoni yangu madogo napendekeza uungane na Mzee Fanueli. Kitabu kinasema muungano wa namna hiyo huleta utulivu na faida ya muda mrefu kwa pande zote mbili.

Mwanao,
Yudith


Mhezi,
9 Aprili, 1974

Yudith!

Marahaba. Wazima. Mvua inanyesha.

Kuungana? Nani amekutuma kuandika hayo? Umeongea na nani? Mama yake Ernesta? Yule mama ana macho marefu kuliko shingo. Mwambie hakuna lolote. Mtu akiimba besi huku ananitazama, hilo ni kosa la mtu huyo, na mimi nilikuwa natazama kitabu changu cha nyimbo. Kama nilikishika juu chini, ni kwa sababu wimbo naujua kwa moyo.

Nisikilize nikuambie habari za kweli. Tangazo lako nilimsomea mwenyekiti, mwenyekiti akamsomea Fanueli, na Jumamosi Fanueli akasimama ng'ambo ya kijito na kupaza sauti: "Wanamhezi! Mashine yangu itasaga debe kwa shilingi!"

Ningefanya nini? Nikatoka uani na mwiko mkononi. "Kwangu thumuni!"

"Kwangu thumuni na kupepetewa!"

"Kwangu bure!"

"Bure na chai!"

"Chai na andazi!" nikasema. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za kijito, wengine wameketi chini kwa kucheka. Melkizedeki anapiga kelele kwamba ushindani ni wa mabepari, hakuna anayemsikia. Basi Bibi Kuluthumu, aliyekuwa amekuja na debe lake la mahindi kweli kweli, akalitua na kuuliza, "Jamani, mimi nataka unga. Yupi kati yenu anasaga?"

Mimi nikaurudisha mwiko jikoni, mwanangu, naye Fanueli akainama kufunga viatu.

Lakini nilikuwa wa mwisho kusema, kwa hiyo nimeshinda.

Sasa nataka uingie katika hiyo ofisi ukaombe leseni kwa jina langu kabla hajafika yeye. Najua unaogopa watu. Mkohoaji naye ana mama yake. Ingia. Kwa sababu, na hili usimwambie baba yako, kila asubuhi nikifungua mlango lile zizi tupu linanitazama. Silipendi linavyotazama.

Asnath


Same,
5 Mei, 1974

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Baba ameandika kwamba kule Ngujini nako dizeli ni shida, anakwenda mikutanoni kwa miguu na anasema kitambi kimepungua. Mama anasema hakijapungua.

Nimeingia.

Ndani kuna afisa mmoja, Bwana Novatus, mgeni kutoka Bukoba, mwenye mafua. Nilisema shikamoo. Akasema, "Marahaba. Paza sauti, binti, hapa si maktaba." Sijui alijuaje. Nikasema nimetumwa na shangazi yangu wa Mhezi kuomba leseni, na ndipo nilipoona kwamba kwenye benchi ameketi Mzee Fanueli, kofia yake iko magotini, naye ananiangalia kama mtu aliyekamatwa shambani kwa watu.

Bwana Novatus akaniuliza, "Shangazi yako ana nini?"

"Injini mbili, bwana."

"Na wewe, mzee?"

"Vinu viwili."

Akaweka kalamu chini. "Kwa nini hambadilishani?"

Mzee Fanueli akasema, "Yeye hajaja kuomba."

Nami nikasema, "Shangazi anasema wewe ndiye hujaja kuomba."

Bwana Novatus akacheka mpaka akashikwa na kikohozi. "Nilipopangiwa kazi huku niliambiwa Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nikadhani ni utani."

"Ng'ombe wamekwisha uzwa, bwana," nikasema, maana ndivyo ilivyo.

Alipotulia akasema maneno haya, nami nimeyashika: leseni moja, mashine moja nzima, kaya moja. Atapanda Mhezi mwenyewe siku za mwisho za Juni. Akikuta nusu mashine, atapeleka dizeli kwa watu wenye akili.

Tulipotoka, Mzee Fanueli alininunulia chai na maandazi. Nilitaka kukataa lakini nilishindwa namna ya kusema. Nadhani alitaka kuchimbua siri za biashara yetu, kwa hiyo nilikuwa mwangalifu sana. Aliuliza kama unapenda samaki. Nikajibu kwamba unapenda perege wakavu wa bwawa la Nyumba ya Mungu, ila sikumwambia unawapikaje. Aliuliza kama huwa unamtaja katika barua. Nikasema ndiyo, karibu kila barua, nikanyamaza hapo hapo nisije nikataja ile ngoma iliyolowa. Akatabasamu, akanisukumia andazi lake. Kisha akauliza kama una mpango wa kuendelea kuishi peke yako. Hapo nilimgundua: anataka kujua ukubwa wa mtaji wetu. Nikasema sijui.

Jihadhari naye, Shangazi. Ana sauti ya upole.

Yudith


Mhezi,
20 Mei, 1974

Mwanangu,

Marahaba. Kahawa nzuri, maharage nusu nusu, watoto wa paka wamefumbua macho.

Umefanya kazi kubwa kuingia ofisini. Ninajivunia.

Juzi nilikuta sahani ya perege wakavu mlangoni. Sijui ni nani. Sahani si yangu.

Hicho kitabu chako, kile cha kuungana. Kinasema anayetangulia kuomba ndiye aliyeshindwa? Tafuta vizuri. Nijibu upesi. Kama huna nafasi, basi usijibu.

Na kitenge: bluu au manjano? Ni cha kazi tu.

Shangazi


Same,
16 Juni, 1974

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya Mei nimeipata jana. Ilikaa dukani mwisho wa barabara kwa sababu basi halikuwa na dizeli, na mwenye duka alikuwa ameiwekea jiwe la mizani juu isipeperushwe. Kuhusu kuomba, nimetafuta kitabu kizima. Kinazungumzia kuomba mikopo tu. Kuhusu kitenge, kwa kazi ya mashine nashauri bluu, haionyeshi uchafu.

Lakini nina wasiwasi mkubwa. Kaka yake Ernesta, Hezroni, amekuja kumpeleka kung'oa jino, na anasema jina lako limesomwa kanisani Jumapili iliyopita, mbele ya watu wote, pamoja na la Mzee Fanueli. Anasema yatasomwa Jumapili tatu. Shangazi, mmefanya nini? Mimi najua wanaosomwa kanisani ni wale waliokosa wakatengwa. Mmepigana? Ni kwa ajili ya zile bei? Ulimpiga na ule mwiko? Ernesta alicheka mpaka akashika shavu lake kwa maumivu, na hataki kuniambia anacheka nini. Naona si vizuri kucheka mtu aliye katika taabu.

Mtihani wa nusu mwaka unaanza kesho kutwa, lakini ukihitaji shahidi wa kueleza kwamba wewe ni mtu mwema, nitaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Nitapaza sauti.

Na siku zinakwisha. Injini ziko wapi?

Mwanao mwenye hofu,
Yudith


Mhezi,
1 Julai, 1974

Yudith wangu, mwenye akili nyingi na macho machache,

Marahaba! Wazima! Baba yako na mama yako wote wako hapa, ndio wanaokoroga uji wakati naandika. Baba yako alitukataza kukuambia kitu mpaka mtihani uishe. Barua yako aliisoma kwa sauti mbele ya wageni, na alipofika kwenye mwiko ilimbidi akae.

Hatukutengwa, mwanangu. Tulitangazwa. Jumamosi nimeolewa na Fanueli.

Nani aliomba? Hakuna aliyeomba. Sahani ya mtu hairudishwi tupu, hilo unalijua. Nikaitia makande, nikaenda nayo. Kwenye lile gogo la kuvukia nikakutana naye anakuja na perege wengine. Alikula makande amesimama pale pale, akasema, "Asnath, hivi vinu vimenyamaza mpaka vinanitia huzuni." Nikasema, "Na hizi injini zangu zimechoka kuatamia mayai." Hayo ndiyo maneno yote yaliyosemwa. Waulize wanaotaka.

Sasa kuhusu mizigo. Mara hii Melkizedeki hakuniandika. Vyombo vya bibi harusi havipigiwi pembe wala havilipiwi vibarua, vinabebwa na ndugu zake kwa nyimbo. Nikasema, basi vyombo vyangu ni injini moja. Na baba yako, kama kaka yangu, akataja mahari: kinu kimoja, kiletwe mpaka uani kwangu. Kwa sababu Fanueli nilimwambia mapema: kuolewa naolewa, lakini mashine yangu haihamii kwa mtu. Akasema na yake vile vile.

Kwa hiyo injini inateremka kwenda kwake, kinu kinapanda kuja kwangu, saa ile ile, njia ile ile, na gogo ni moja. Upande wetu tunaimba, upande wao wanaimba. Tukakutana. Hakuna anayerudi nyuma. Wao wakaongeza sauti, sisi tukaongeza vigelegele. Na katikati ya gogo, mwanangu, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi, faili kwapani: Bwana Novatus! Mbele yake injini, nyuma yake kinu.

"Ni nini hii?" akauliza.

"Vyombo vya bibi harusi," Bibi Kuluthumu akamjibu.

"Injini?"

"Kwani kwenu wanapeleka vikombe?"

Hakupata njia isipokuwa kuingia majini. Na alipoingia yeye, waliobeba injini wakaona aibu kumwacha mgeni peke yake, wakaingia nao, na kinu kikapita juu ya gogo kama bwana mkubwa. Alasiri Fanueli, na suti yake ya harusi, alikuwa amelala chini ya mashine yangu anafunga mkanda. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu ikanguruma, na kijito chote kikajaa watu wanaoruka. Debe la kwanza lilikuwa la Bibi Kuluthumu. Akachota unga, akaupuliza, akampaka Bwana Novatus usoni.

Leseni akaandika pale pale: kaya moja, Asnath na Fanueli. Akaugonga muhuri juu ya injini ikiwa moto. Kisha akageuka: "Lakini mashine ni moja. Dizeli ni ya mashine moja. Hizi ni mbili. Chagueni itakayonyamaza." Akaenda zake na unga wake usoni.

Basi, Jumamosi tumeoana, Jumapili tumepumzika, Jumatatu, yaani leo, tumegombana. Nilisema isage yangu. Hakubisha. Ameuchukua mkeka wangu wa kuku, amekwenda kuifunika ya kwake, polepole, pembe zote nne. Nimeshinda tena. Safari hii ushindi hauna ladha. Usilifikirie sana. Nimekwambia tu.

Ulisema bluu. Nilivaa manjano.

Shangazi yako


Same,
21 Julai, 1974

Shangazi yangu mpendwa, na Baba Fanueli,

Shikamooni. Nawapongezeni sana. Barua niliisoma mara ya kwanza nimesimama na mara ya pili nimekaa. Kisha nikazisoma barua zako zote tangu Februari, nikaona haya. Mambo yote yalikuwa mle. Ernesta anasema bweni zima lilijua. Jino lake limetoka, na sasa anacheka bila maumivu.

Jumatano nilikwenda ofisini. Hakuna aliyenituma. Nilipofika mlangoni nilisikia kikohozi, nikaingia hivyo hivyo.

Nikasema, "Shikamoo Bwana Novatus, nimekuja kwa habari ya mashine inayonyamaza." Nilisema kwa sauti mpaka mpiga taipu akaacha kupiga.

"Sheria ni mashine moja," akasema.

"Bwana, tangazo lilisema sababu ni dizeli. Dizeli ikibaki ile ile, kuna ubaya gani ikinywewa na injini mbili, leo hii, kesho ile? Kwetu ndiva ni moja na mashamba ni mengi. Hakuna anayeambiwa achague shamba la kukauka. Tunakwenda kwa zamu. Shangazi yangu ni Alhamisi."

Akanitazama. "Hayo umeyasoma wapi?"

"Sikuyasoma, bwana. Nilikuwa nashika jembe."

Akatoa nakala ya leseni, akafikiri, akaandika juu yake "kwa zamu" na kuweka sahihi. Nimeiambatisha. Ila ameandika na sharti chini yake: bei ya mashine zote mbili ni moja, haipandi wala haishuki, na asitokee mtu wa kusaga bure. Alinikazia macho aliposema bure.

Nilitembea mpaka shuleni. Nadhani nilikuwa naimba. Sina hakika, maana si kawaida yangu.

Yudith


Mhezi,
18 Agosti, 1974

Yudith wetu,

Marahaba kutoka kwangu, na marahaba ya besi kutoka ng'ambo. Huku wazima. Mahindi ya njano yamefika mpaka mlimani, watu wanayanung'unikia, lakini mashine haibagui rangi. Dizeli imepanda tena. Mwezi ujao hatujui. Mwezi huu tunasaga.

Karatasi yako nilimpelekea Fanueli mwenyewe. Aliisoma, akaikunja, akaenda kuutoa mkeka kwenye injini yake. Nilipovuka gogo kurudi nilisikia anapiga mluzi. Sasa mimi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Yeye ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Bei haishuki, kwa hiyo tumebaki kushindana kwa akili. Jumanne alitoa benchi za kukalia wanaosubiri. Jumatano nikatoa chai. Alhamisi akasaga huku anaimba, na wanawake wa upande wangu, bila haya, wakavuka kwenda kumsikiliza. Nimemwita Melkizedeki aje aseme kama kuimba ni ubepari. Bado anafikiri.

Mashine yangu nimeiweka ndani ya lile zizi. Asubuhi nikifungua mlango, linaningurumia, nami nalijibu.

Jioni Fanueli anavuka gogo, nyusi zimejaa unga, anakaa jikoni, nampakulia. Anauliza leo nimepata wateja wangapi. Simwambii. Kuna binti mmoja alinifundisha kuwa mwangalifu na mtu mwenye sauti ya upole.

Shangazi yako,
Asnath